Maziwa hayaoshi vumbi la mashineni

Kila msimu wa mahindi swali ni lile lile, kuanzia Ilemba hadi Sumbawanga mjini: anayeshinda kwenye mashine ya kusaga anywe nini ili vumbi litoke kifuani? Mtaani watamwambia anywe maziwa. Maziwa huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni, na hayakutani. Wanaouza minadani chupa za "kusafisha mapafu" wanamlia mgonjwa fedha na kumchelewesha hospitali.

La kuuliza ni vumbi linatoka wapi, na hapo macho hudanganya. Wingu jeupe tunaloliona lina chembe kubwa, ambazo nyingi hunaswa puani na kooni. Hewa ikitulia, chembe ya mikroni 10 hushuka kutoka usawa wa pua hadi sakafuni kwa dakika kama 8. Ya mikroni 1 huchukua nusu siku. Hiyo huioni, na ndiyo inayofika ndani kabisa ya mapafu.

Ndiyo maana hewa hupimwa. Mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, mpira ukapanda hadi kwenye kola. Pampu huvuta lita 2.2 kwa dakika na kuizungusha hewa ndani ya kifaa chenye umbo la pia: chembe nzito hutupwa pembeni zikadondoka, nyepesi hufuata hewa hadi kwenye chujio. Kwa zamu ya saa 8 zimepita lita 1,056. Chujio hupimwa uzito kabla na baada, na tofauti yake ndiyo vumbi lililomfikia.

Lakini uzito hausemi vumbi lilikuja saa ngapi. Kifaa cha pili hupitisha mwanga hewani na kusoma jinsi chembe zinavyoutawanya, sekunde kwa sekunde. Pembeni mtu anaandika: saa 4:10 anamimina mahindi, 4:25 anakung'uta viroba, 5:00 anafagia. Grafu ikilinganishwa na daftari hilo, chanzo kilichojificha hujitokeza: viroba vitupu vinavyokunjwa, ufagio mkavu, nguo zinazopulizwa kwa kompresa, mshono uliochoka wa mfuko unaopokea unga.

Chanzo hujificha hata mgodini. Jirani zetu wa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira walipimwa na mtafiti Simon Mamuya na wenzake, matokeo yakachapishwa 2006. Vumbi na chembe za madini ya quartz nyingi zaidi hazikuwa kwa wachimba makaa. Zilikuwa kwa kikosi kinachofungua njia mpya, hasa wakati wa kutoboa mwamba. Ukihofia makaa tu, watu hao unawapita.

Na hili la "unga ni chakula, haudhuru" liachwe. Daktari Bernardino Ramazzini aliandika juu ya madhara ya unga kwa wasagaji na waokaji mwaka 1700. Unga huleta pumu ya kazini: kifua hubana zamuni, kikaachia siku za mapumziko. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe ndogo. Barakoa ya N95 iliyokaa sawasawa huzuia.

Ziba mishono, kunja viroba nje upepo ukiwa mgongoni, kompresa isiguse nguo, tumia mashine ya kunyonya vumbi. Mwenye kiwanda aiite OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ipime. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka alinde afya ya wafanyakazi wake. Kikohozi kikipita wiki 2, pima kifua kikuu, na mwambie daktari unafanya kazi mashineni hata kama hajauliza.