SAUTI ISIYO NA USO: JUMA MOJA LA MSANII WA SAUTI

Kila siku watu wengi husikia sauti za watu wasiowajua wala kuwaona. Mkulima wa Kakamega afunguapo redio yake husikia sauti ikisifu mbegu mpya za mahindi. Mama wa Likoni apigapo simu benki husikia sauti ikimwambia abonyeze namba moja. Watoto watazamapo katuni, sungura na simba husema Kiswahili. Kwa miaka mingi nyuma ya kila sauti ya namna hiyo alikuwapo mtu aliyesimama chumbani peke yake, akasoma maneno yaliyoandikwa na mwingine, akalipwa, akaenda zake. Hata mashini zinazosema siku hizi zilifundishwa kwa sauti za watu.

Kazi hiyo huitwa kuingiza sauti, na afanyaye huitwa msanii wa sauti. Vijana wengi huitamani wakidhani kwamba ni kazi ya kusema tu, na kusema hakumchoshi mtu. Juma linaloelezwa hapa si la mtu mmoja maalumu. Ni juma la kazi nyingi lilivyo kwa mtu wa kazi hii katika mji kama Nairobi. Atakayelifuata hadi mwisho ataona kwamba mtu huyu ana vitu viwili vya kulinda, koo lake na karatasi zake, na kwamba akikosa kulinda kimoja, cha pili hakitamwokoa.

JUMATATU: SEKUNDE THELATHINI

Siku ya kwanza kuna tangazo la biashara la redio. Urefu wake ni sekunde 30, wala haziongezwi. Maneno aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa. Hapo ndipo taabu huanza, kwa maana maneno ya Kiswahili ni marefu. Neno moja kama "hatutawasahau" lina silabi saba. Tangazo lililotosha sekunde 30 kwa Kiingereza laweza kufika sekunde 40 kwa Kiswahili.

Msanii asiyejua kazi hukimbiza maneno, na msikilizaji asishike hata moja. Msanii ajuaye kazi humwendea mwenye tangazo mapema, akamwonyesha maneno yanayoweza kupunguzwa bila kuharibu maana. Kisha husimama umbali wa kiasi cha shubiri moja kutoka maikrofoni, akasoma mara tano, mara kumi, hata mara ishirini. Mara huambiwa aseme kwa furaha zaidi. Mara huambiwa furaha imezidi. Hana budi kuvumilia, kwa kuwa anayelipa ndiye asemaye lini kazi imekwisha.

JUMANNE: SAUTI YA SIMU

Siku ya pili ni zamu ya maneno ya simu: "Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza moja." Watu hudhani kazi hii ni nyepesi. La. Maneno hayo hurekodiwa vipande vipande, kisha mashini huviunganisha. Tarakimu zote hazina budi kusemwa kwa kimo kimoja cha sauti na mwendo mmoja. Hata hivyo namba iliyo katikati ya sentensi haisemwi kama iliyo mwishoni, kwa hiyo "tano" husomwa kwa namna zaidi ya moja. Msanii akisoma asubuhi akiwa na nguvu na akamaliza jioni akiwa amechoka, mpigaji simu atasikia kama watu wawili wanaopokezana maneno.

JUMATANO: KUSEMA KWA MDOMO WA MWINGINE

Siku ya tatu ni ya mchezo wa televisheni kutoka nchi ya mbali. Afrika ya Mashariki imekwisha kuizoea kazi hii. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina kuhusu mwanamke aitwaye Doudou na mama wakwe zake, na wahusika wote walisema Kiswahili. Mchezo huo ulipendwa sana, hata Rais Xi Jinping wa China akautaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi Machi 2013.

Msanii hutazama picha mbele yake huku akisikiliza sauti ya asili masikioni. Mhusika afunguapo kinywa, naye hufungua. Akomapo, naye hukoma. Shida kubwa ni midomo. Herufi m, b na p hazitamkiki bila kufunga midomo, na mtazamaji huona ikiwa midomo imefungwa na sauti haikufungwa. Kwa hiyo mfasiri mwema hutafuta neno lenye herufi hizo mahali pale pale mhusika afungapo midomo yake. Kama hapana, sentensi hupinduliwa mpaka lipatikane.

Siku hiyo ndiyo humchosha msanii kuliko zote. Hulia, hucheka, hupiga kelele za vita, hukohoa kama mgonjwa, na kila kilio hurudiwa mpaka kikubaliwe. Kwa saa nyingi za kazi hupatikana dakika chache tu za mchezo.

ALHAMISI: SAA MBILI NA SAA NANE

Siku ya nne kuna tangazo la afya kuhusu chanjo ya watoto. Malipo yake aghalabu ni madogo kuliko ya tangazo la sabuni, lakini kosa lake ni kubwa zaidi.

Tuseme karatasi ya Kiingereza imeandika kwamba kliniki itafunguliwa saa 8.00 asubuhi. Mfasiri mwenye haraka ameandika "saa nane". Msanii anayesoma bila kufikiri atasema hivyo hivyo. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliyetembea mwendo mrefu, atafika saa nane mchana akute wauguzi wamekwisha kufunga vifaa vyao. Ilipaswa kusemwa saa mbili asubuhi. Tofauti ni saa sita, na mtoto amerudi bila chanjo.

Vivyo hivyo kwa dawa. Mililita 10 zikisemwa mililita 100, ng'ombe aweza kufa. Tena neno "barabara", mkazo ukiwa mahali pamoja ni njia ya magari. Ukiwa mahali pengine ni kusema kwamba jambo limefanywa sawasawa. Kwa sababu hiyo msanii mwaminifu huisoma karatasi yote kimya kabla ya kufungua kinywa, akapiga mstari chini ya kila namba, kila saa na kila jina la mahali, akauliza. Haoni haya kuuliza, kwa kuwa msikilizaji hana nafasi ya kumwuliza yeye.

IJUMAA: MARUDIO NA HESABU

Siku ya tano simu inalia: bei katika tangazo la Jumatatu imebadilika. Neno moja tu lirekodiwe upya. Lakini sauti ya Ijumaa si sauti ya Jumatatu. Sauti ya asubuhi mara nyingi ni nzito kuliko ya mchana, na koo lililolia Jumatano bado halijapona. Basi msanii hurudi chumba kile kile, husimama umbali ule ule, husikiliza sauti yake ya kwanza, kisha huiiga sauti yake mwenyewe.

Wengi hufanya kazi hiyo nyumbani. Hutundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, na wengine huingia kabatini kati ya nguo. Mvua ikinyesha juu ya mabati, kazi husimama. Pikipiki ikipita, husimama tena. Ndiyo maana kazi nyingi hufanywa usiku, majirani walalapo. Kisha huja kazi ya mikono: kusikiliza yote yaliyorekodiwa, kukata pumzi na makosa, kuandika hati za malipo, na kuwakumbusha waliochelewa kulipa. Wengi waanzao kazi hii hushangaa kuona kwamba saa walizosema ni chache kuliko saa walizokaa kimya wakikata na kuandika.

ULINZI WA KOO

Ndani ya koo kuna nyuzi mbili ndogo za nyama. Pumzi ipitapo hutetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Kwa mwanamume nyuzi hizo hutetemeka kiasi cha mara 100 hivi kwa sekunde. Kwa mwanamke kiasi cha mara 200. Kwa hiyo katika saa moja ya kusema, nyuzi hizo hugongana maelfu kwa maelfu.

Watu hudhani kwamba maji au chai ya tangawizi huziosha nyuzi hizo. Sivyo. Kinachonywewa hupita njia ya chakula, nayo ni nyingine. Kama kingepita penye nyuzi za sauti mtu angepaliwa. Maji hufaa kwa kuwa huingia mwilini kwanza, kisha mwili huzilainisha nyuzi. Kwa hiyo msanii hunywa maji tangu asubuhi, kidogo kidogo, wala hangoji mpaka koo likauke. Moshi wa sigara ni adui yake, na kelele za uwanja wa mpira pia. Siku ya Jumamosi baada ya juma kama hili, dawa iliyo bora ni kunyamaza. Sauti ikikwaruza kwa muda wa majuma matatu bila kupona, yafaa mtu amwone daktari wa koo, awe msanii au asiwe, kwa maana huenda ugonjwa ni mkubwa kuliko uchovu.

SAUTI IAMINIWAPO

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini sauti ilindwe kama mali? Jibu ni kwamba watu huamini sauti waliyoizoea. Wakenya wanalo somo lao. Tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa jeshi la anga walimchukua kwa nguvu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka kituo cha redio na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Uasi huo ulishindwa. Waasi walikuwa na bunduki, na redio ilikuwa mikononi mwao. Hata hivyo walitaka sauti ambayo watu wanaijua. Bwana Mbotela, aliyependwa pia kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", alifariki mwezi Februari 2025.

Wakati ule, ili kuitumia sauti ya mtu, ilikuwa lazima mwenyewe aletwe. Siku hizi si lazima. Mwezi Julai 2005 mjini Atlanta nchini Marekani, mwanamke aitwaye Susan Bennett alisoma sentensi kwa saa nne kila siku, siku tano kwa juma, kwa mwezi mzima. Nyingi hazikuwa na maana. Ziliteuliwa ili mashini ipate kila mwungano wa sauti za lugha. Mwezi Oktoba 2011 kampuni ya Apple ilitoa simu iliyoweza kujibu maswali kwa sauti iitwayo Siri. Bi Bennett amesema kwamba habari hizo alizipata kwa mwenzake aliyemwandikia kuwa sauti ile ni yake. Alikuwa amelipwa kwa kazi ya kusoma, asijue sauti yake itafika wapi.

Tangu hapo mashini zimeendelea mno. Sasa mashini huhitaji maneno machache tu ya mtu ili iige sauti yake na kusema ambayo yeye hakuyasema kamwe. Ndiyo sababu tarehe 26 Julai 2024 waigizaji wa michezo ya video huko Marekani waligoma, na katika mapatano ya mwaka 2025 walipata sharti kwamba mwigizaji aombwe ruhusa kabla ya sauti yake kuigwa na mashini.

KARATASI KABLA YA MAIKROFONI

Kenya nayo ina sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huitaja sauti pamoja na alama za vidole miongoni mwa mambo ya mwili yanayomtambulisha mtu. Lakini sheria humsaidia zaidi yule mwenye maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo kabla ya kusoma hata neno moja, msanii na aulize mambo matano, nayo yaandikwe. Kwanza, sauti yangu itatumika wapi: redio, televisheni, simu, au zote? Pili, kwa muda gani: miezi mitatu, mwaka mmoja? Tatu, katika nchi zipi? Nne, nikiitwa kurudia, nitalipwa nini? Tano, je, sauti hii itatumika kufundisha mashini? Kama jibu la tano ni ndiyo, malipo yake si ya sekunde 30 tena, kwa maana mashini iliyokwisha kujifunza haitamwita mwalimu wake mara ya pili.

Karatasi isemayo kwamba sauti yaweza kutumika "kwa kila njia, mahali pote, milele" si karatasi ya kazi ya siku moja. Ni karatasi ya kuuza. Mkulima aweza kumkodisha jirani ng'ombe wake kwa msimu mmoja wa kulima, na msimu ukiisha ng'ombe hurudi zizini. Msanii wa sauti na afanye vivyo hivyo: akodishe, asiuze.