Umekojoa damu? Kabla ya kumshuku mpenzi, mshuku konokono

Msee, tuseme ukweli. Ukienda msalani ukaona mkojo una damu, kitu cha kwanza kukujia akilini ni kisonono. Unanyamaza. Unaanza kupekua simu ya mpenzi wako, ama unanunua dawa kwa duka la mtaani bila kupimwa chochote.

Lakini kama ulikulia Kwale, Kilifi au Tana River, ama ulienda huko likizo ukaoga kwenye bwawa la kijiji, kuna mshukiwa mwingine: kichocho.

Hii kitu hupitia kwa konokono wadogo wa maji baridi, wale hujificha kwenye majani ya ukingoni. Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea vinavyotoka humo humsaka konokono wa aina yao. Humo ndani vinazaana kwa wiki kadhaa. Kilichoingia kimoja kinaweza kutoa maelfu. Jua likiwaka, vinatoka na kuogelea vikitafuta ngozi. Yako. Si lazima uwe na kidonda wala uyanywe maji hayo, dakika chache zinatosha.

Mwilini vinakomaa kuwa minyoo, dume na jike. Na hapa mapenzi yenu ya kuposti hayafiki: jike huishi ndani ya mkunjo wa mwili wa dume, wamekumbatiana kwenye mishipa yako ya damu kwa miaka. Mitatu, hata kumi. Shida kubwa ni mayai yao. Yasiyotoka hukwama kwenye kibofu na kukijeruhi, ndiyo ile damu.

Watu wa Ziwa Victoria na mashamba ya mpunga ya Mwea, msicheke. Kichocho chenu hushambulia matumbo na ini, kwa hivyo mkojo utakuwa safi na tumbo halishi kuuma.

Madada, mayai yanaweza pia kukwama kwenye sehemu za uzazi, yakaleta vidonda na maumivu yanayofanana na ya magonjwa ya zinaa. Hebu fikiria unatibiwa zinaa mara tatu, huponi, na kila mara kuna mtu analaumiwa. Tena vidonda hivyo vinaweza kurahisisha kuambukizwa HIV.

Dawa ipo, prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito wako. Huua minyoo waliokomaa lakini wachanga hunusurika, kwa hivyo kama uliogelea wiki jana, huenda ukahitaji kumeza tena baadaye. Ukirudi majini unaambukizwa upya. (Bahari haina neno, konokono hawa hawawezi chumvi.)

Watoto wa shule katika maeneo haya hupewa dawa darasani. Wewe uliyemaliza shule ukahamia Nairobi, jipeleke. Mwambie daktari uliogea wapi, maana hawezi kukisia. Inaweza kuwa mawe kwenye figo, ama kisonono kweli, ndio maana unapimwa. Na mkojo wa kupima kichocho toa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi.