Spika Isiyo na Boksi

Chukua spika tupu ya inchi 12, ile inayouzwa bila boksi, iunganishe na amplifaya, uishike mkononi na kupiga wimbo wenye besi nzito. Utaiona koni ikitikisika mpaka uogope itachanika, lakini besi yenyewe huisikii. Kinachotoka ni sauti nyembamba kama ya redio ya mfukoni. Sasa kata tundu katikati ya kipande kikubwa cha kadibodi, uifunge spika hapo. Besi inarudi. Hujaongeza umeme wala hujagusa kitufe chochote, na kadibodi yenyewe haipigi sauti. Kazi iliyofanya ni kurefusha njia.

Koni ina nyuso mbili. Inaposukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta kwa nyuma. Mbele pakiwa na mgandamizo, nyuma pana upungufu. Sauti mbili zinatoka kwa wakati mmoja, zenye nguvu sawa, ila moja ni kinyume cha nyingine. Kwenye sauti za juu hilo halina madhara makubwa, maana mawimbi yake ni mafupi na kila upande hufuata njia yake. Besi ni habari nyingine. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na mbele ya wimbi la urefu huo ukingo wa spika ya sentimita 30 si kizuizi hata kidogo. Wimbi la nyuma linauzunguka, linafika mbele likiwa bado kinyume cha mwenzake, na yote mawili yanafutana.

Chester Rice na Edward Kellogg walilijua jambo hili vizuri. Wahandisi hao wawili wa General Electric, mjini Schenectady, Marekani, ndio walioeleza mwaka 1925 spika ya koni na koili ambayo hadi leo ndiyo babu wa karibu kila spika unayoisikia. Katika maelezo yao ubao unaozuia mbele isikutane na nyuma ulikuwa sehemu ya spika yenyewe, haukuwa pambo. Redio za mbao za zama za valvu zilifuata njia hiyo: spika mbele, nyuma wazi au kumefunikwa na ubao mwembamba wenye matundu.

Baadaye wengi waliona ni rahisi zaidi kuifungia ile sauti ya nyuma. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba boksi dogo lililozibwa kabisa linaweza kutoa besi ya kushangaza, na tangu hapo dunia ikawa ya maboksi. Lakini sauti iliyofungiwa haifi kwa kuwa imefungiwa. Inagonga kuta za boksi, inazitetemesha, nyingine inarudi na kupenya kwenye koni, ambayo ni karatasi tu. Wanaopenda ubao wazi, yaani spika iliyofungwa kwenye ubao bila boksi, wanakimbia sauti hiyo ya boksi. Ukisikiliza besi ya kuvutwa nyuzi, ile fidla kubwa ya mbao ya kusimamishwa, kwenye spika ya ubao wazi iliyotengenezwa vizuri, unaelewa kwa nini watu wazima wanajaza sebule zao mbao.

Gharama yake inalipwa kwa ukubwa. Tuseme ubao ni wa duara na spika iko katikati, sentimita 30 kutoka ukingoni. Wimbi la nyuma lina safari ya ziada ya takriban sentimita 30 kabla ya kumfikia anayesikiliza mbele. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za joto (mchana wa nyuzi 30 wa Dar es Salaam hufika karibu 349, tofauti isiyofika asilimia 2, kwa hiyo fundi asihangaike). Kwa hesabu rahisi, penye hezi 570 hivi safari hiyo ni nusu ya wimbi: sauti ya nyuma inafika ikiwa imegeuka na kukubaliana na ya mbele, zinajumlishana, na kipimo kinapanda kwa hadi desibeli 6. Penye hezi 1,140 safari ni wimbi zima, kinyume kinabaki kinyume, na hapo kuna shimo. Chini ya kilele ndiko besi inakoanza kutoroka. Kwenye hezi 190 ubao haukuongezei wala haukupunguzii. Ukishuka zaidi ya hapo, kila oktava inaondoka na desibeli 6.

Sasa igeuze hesabu. Ukitaka ubao usikupunguzie kitu hadi hezi 50, njia ya ziada iwe mita 1.14, yaani ubao wa upana wa karibu mita 2.3 kila upande. Huo ni ukuta. Wapo waliofanya hivyo hasa: walitoboa ukuta wa nyumba, wakaipachika spika uso wake ukitazama sebuleni na mgongo wake chumba cha pili. Sakafu inasaidia kidogo, kwa sababu ubao ukisimama juu yake bila mwanya, ukingo wa chini umezibwa na sakafu inafanya kazi kama nusu ya pili ya ubao.

Ukubwa basi unaamua besi ianzie wapi. Umbo linaamua kitu tofauti, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa mbao wanapojikwaa, kwa sababu umbo linalopendeza macho mara nyingi ndilo baya. Duara lenye spika katikati linaonekana kamili. Tatizo ni kwamba kila nukta ya ukingo iko umbali uleule kutoka kwenye koni, kwa hiyo mchango wa ukingo wote unafika sikioni kwa mkupuo mmoja, kama kwaya inayopumua pamoja. Kilele kinakuwa kirefu na shimo linakuwa refu. Harry Olson wa maabara za RCA huko Princeton alipolinganisha maumbo ya maboksi ya spika na kuchapisha matokeo mwaka 1951, silinda yenye spika katikati ya uso wake wa duara ilikuwa miongoni mwa maumbo yaliyovuruga sauti zaidi, na tufe, lisilo na ukingo wowote, ndilo lililotoa mstari laini kuliko yote. Yeye alipima maboksi, lakini ukingo ni ukingo.

Dawa ni kuzichanganya njia. Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 100 na uhamishe tundu: kitovu chake kiwe sentimita 20 kutoka kushoto, 40 kutoka kulia, 35 kutoka juu na 65 kutoka chini. Ukingo wa kushoto sasa una kilele chake karibu na hezi 860. Ukingo wa kulia, ambao uko mbali mara mbili, una shimo lake hapohapo penye hezi 860. Mmoja anachimba, mwingine anafukia. Wa juu na wa chini wana vilele na mashimo yao kwingine kabisa, kwa hiyo mstari wa sauti unabaki na mawimbi madogo badala ya mlima mmoja na korongo moja. Mkaguzi mkali ataniambia kwamba penye hezi 1,715 mashimo ya kushoto na kulia yanaangukiana tena. Ni kweli. Ila kufikia hapo koni ya inchi 12 inarusha sauti mbele kwa nguvu kuliko pembeni, kingo hazipati kitu kikubwa, na kwa kawaida spika ndogo zaidi imeshapokea kazi. Spika mbili za stereo zitengenezwe moja kinyume cha nyingine, kama viatu, ili kulia na kushoto vilingane.

Ubao sanifu wa kimataifa wa kupimia spika, wenye mita 1.35 kwa 1.65, nao una tundu lisilo katikati. Waliouchora hawakukosea vipimo.

Kuna mgongano ambao ukubwa peke yake hauwezi kuumaliza. Besi inataka ubao mpana. Sauti za kati na za juu zinataka mwembamba, kwa sababu ubao ukishakuwa mpana kuliko wimbi, ule mtawanyo mzuri wa spika hizi unaharibika. Spika ya ubao wazi hurusha sauti mbele na nyuma na kuwa karibu kimya ubavuni. Ukiichora kutoka juu unapata tarakimu 8. Umbo hilo ni mali, maana kuta za pembeni hazipigwi sana. Kwa sauti ileile unayoisikia ukiwa mbele, spika hii inamwaga chumbani theluthi moja tu ya nguvu ambayo ingemwagwa na spika inayosambaza kila upande. Lakini 8 hiyo inadumu pale tu ubao unapokuwa mdogo ukilinganisha na wimbi.

Mtu aliyeuchukulia mgongano huu kwa uzito kuliko wengine ni Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyehamia California mwaka 1961 kufanya kazi Hewlett-Packard na ambaye, pamoja na mwenzake Russ Riley, amewaachia mafundi wa sauti mfumo wa kugawa masafa unaoitwa kwa majina yao. Spika yake LX521 ya mwaka 2012 ni somo zima kwenye ubao mmoja. Chini ni mpana, kwenye spika ya inchi 8. Unapanda ukipungua hadi kwenye ya inchi 4. Juu kabisa, penye twita (spika ndogo za sauti za juu) mbili, moja ikitazama mbele na moja nyuma, ubao umebaki mwembamba kabisa. Besi hazimo kwenye ubao huo hata kidogo. Zimewekwa chini kwenye fremu yao, na ubao wa juu umeshikwa na daraja lisilozigusa, mtetemo usipande. Wanaoiona mara ya kwanza husema ni mbaya. Sikubaliani nao, kila mkato una sababu unayoweza kuipima kwa rula.

Kwa besi, njia ya kupunguza upana ni kukunja mabawa kuelekea nyuma. Ubao wa upana wa sentimita 40 wenye mabawa ya kina cha sentimita 40 unairefusha njia bila kujaza chumba. Malipo yake ni kwamba mfereji unaotokea nyuma una mlio wake wenyewe: kwa kina hicho utalia karibu na hezi 200 au chini kidogo, kwa hiyo spika ya besi ikatwe kabla ya kufika huko, tuseme hezi 100. Ubao ukiwa mnene, milimita 25 au zaidi, tundu lenyewe linakuwa mfereji mdogo unaoibana koni. Lichongwe mshazari upande wa nyuma.

Na hakuna ubao utakaoiokoa koni na kazi. Kwenye boksi lililozibwa, kushuka oktava moja kwa sauti ileile kunataka koni itembee mara 4 zaidi. Kwenye ubao wazi ni mara 8. Koni iliyotembea milimita 1 kwenye hezi 80 itatakiwa itembee milimita 8 kwenye hezi 40. Ndiyo maana utaona besi mbili au nne kubwa kila upande, na amplifaya iliyorekebishwa kuipandisha besi kadiri inavyoshuka.

Kinachobaki ni chumba. Sauti ya nyuma inahitaji nafasi, angalau mita 1 kutoka ukutani, ili mwangwi wake uchelewe milisekunde 6 hivi na sikio liuchukulie kama chumba badala ya uchafu. Ukiusukuma ubao mpaka karibu na ukuta, sauti za kati zinavurugika hata kama ukingo ulipigiwa hesabu ya mwezi mzima. Kwenye sebule ya mita 3 kwa 3 yenye makochi, kabati na watoto, mita hiyo 1 haipatikani. Hapo boksi lililozibwa litatoa besi zaidi kwa pesa kidogo, nami ningelichukua hilo.