Fahamu: Leza ya macho inamfaa nani?

Kijana wa Sitalike, jirani na Hifadhi ya Katavi, anayewaona viboko wa Mto Katuma kama ukungu mweusi huenda haoni mbali tu: taswira inaangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Miwani hurekebisha hilo. Leza nayo hurekebisha, kwa kubadili umbo la konea, tabaka angavu la mbele ya jicho, lenye unene wa takriban nusu milimita.

Katika upasuaji wa lasiki, daktari hutia matone ya ganzi, hufunua utando mwembamba wa konea, leza hupunguza tishu kwa sekunde chache, kisha utando hurudishwa bila kushonwa. Mgonjwa yuko macho muda wote.

Lakini usiuze ng'ombe kabla ya vipimo. Walio chini ya miaka 18, wajawazito, wenye konea nyembamba au iliyochongoka, na ambao namba ya miwani bado inabadilika, kwa kawaida huambiwa wasubiri au waachane nayo. Mtoto wa jicho hatibiwi hivi. Huyo hutolewa kwa kubadilisha lenzi. Na ukivuka miaka 40, huenda ukahitaji miwani ya kusomea vilevile.

Kwa mwongoza watalii wa Katavi, mimi ningechagua upasuaji ufanyike masika: vumbi la kiangazi na jicho lisiloruhusiwa kufikichwa baada ya upasuaji havipatani.