Modeli ya Jengo na Istilahi za Mabadiliko katika Ujenzi wa Umma

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja la ufundi na, pamoja nalo, tatizo moja la lugha. Jambo la ufundi ni modeli ya kidijitali ya jengo, chombo ambacho katika nchi kadhaa hutumiwa sasa kusimamia miradi ya ujenzi inayolipiwa kwa fedha za umma. Tatizo la lugha ni neno "mabadiliko". Neno hili katika shughuli za ujenzi hubebeshwa maana zisizopungua nne, na kila maana ina mlipaji wake.

Tuanze na chombo chenyewe. Mtu asikiapo "modeli ya jengo" aghalabu hufikiri ile nyumba ndogo ya karatasi ngumu iwekwayo mezani ili mgeni rasmi aitazame, ama ile picha ya rangi ibandikwayo kwenye bango mbele ya kiwanja. Siyo hiyo. Modeli tunayoizungumzia ni daftari la taarifa lenye umbo. Kila kiungo cha jengo, kiwe nguzo, boriti, mlango au bomba, kimeandikwa humo kikiwa kitu kamili: mahali kilipo, vipimo vyake, kimetengenezwa kwa nini, na kinashikamana na kipi. Ramani za kawaida hutolewa katika daftari hilo, mfano wa picha nyingi zilizopigwa za mtu mmoja aliyesimama pale pale. Wazo hili si geni. Charles Eastman, mtaalamu wa usanifu majengo nchini Marekani, alilieleza mwaka 1975, alipopendekeza kompyuta itunze maelezo ya jengo lenyewe badala ya michoro.

Faida ya mpango huu huonekana siku ya badiliko. Tuchukue kituo cha afya kinachojengwa, kuta zimefika usawa wa lenta. Mganga anaona kwamba mlango wa chumba cha kujifungulia ni mwembamba mno, kitanda cha magurudumu hakitapita bila kukwaruza mikono ya wauguzi. Anaomba uongezwe sentimita 30. Ombi ni dogo na ni la haki. Lakini katika michoro ya karatasi mlango huo umeonyeshwa katika ramani ya sakafu, katika mchoro wa mkato, katika orodha ya milango, katika mchoro wa umeme kwa sababu swichi iko kando yake, na katika mchanganuo wa gharama. Hizo ni karatasi tano, mikononi mwa watu watatu au wanne. Ikisahauliwa moja, fundi wa umeme atakuja na ramani ya zamani, atoboe ukuta mahali ambapo hapana ukuta tena.

Katika modeli, mlango ni mmoja tu. Ukipanuliwa, ramani zote zinazotolewa humo hufuata. Programu inaweza pia kuonyesha kwamba lenta sasa ni fupi, na kwamba swichi imebaki ikining'inia katikati ya njia. Hata hivyo tusiitukuze kupita kiasi. Modeli haijui bei ya saruji isipounganishwa na mchanganuo wa gharama, na mtu wa umeme asipoleta sehemu yake, programu haiwezi kuona swichi ambayo haimo.

Lipo jambo moja la ndani ambalo yafaa tulieleze kwa kituo, maana ndilo linaloifanya modeli iwe shahidi. Katika muundo wa pamoja wa kubadilishana taarifa za majengo, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na ambao hutajwa kwa herufi IFC, kila kiungo hupewa kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 22. Ukiwa na toleo la Januari na toleo la Machi, kompyuta huvilinganisha vitambulisho na kukuambia ni viungo vipi vimeongezwa, vipi vimeondolewa, na vipi vimebaki lakini vimebadilishwa kipimo. Mkaguzi hana haja ya kukodolea macho karatasi mbili akitafuta mstari uliosogea. Lakini msanifu akiufuta ukuta na kuuchora upya pale pale, ukuta huo hupata kitambulisho kipya, na kompyuta itatangaza kwamba ukuta mmoja umebomolewa na mwingine kujengwa, ilhali kiwanjani hakuna tofali lililoguswa. Kwa hiyo hata ushahidi huu una tabia zake, na anayeusoma hana budi kuzijua.

Mfano mkubwa wa madhara ya mabadiliko yasiyodhibitiwa ni uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg, nchini Ujerumani, mali ya serikali ya shirikisho na majimbo mawili. Ujenzi ulianza mwaka 2006. Jengo la abiria lilipanuliwa huku kazi ikiendelea, na badiliko moja likazaa jingine. Sherehe ya ufunguzi iliyopangwa kufanyika tarehe 3 Juni 2012 ilifutwa tarehe 8 Mei, wiki nne tu kabla ya siku yenyewe. Kikwazo kikubwa kilikuwa mtambo wa kuondoa moshi wakati wa moto. Katika ukumbi mkuu ulibuniwa uvute moshi kuupeleka chini ya sakafu, ilhali tabia ya moshi ni kupanda. Nyaya nazo zilikutwa zimesongamana katika njia zisizostahili. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020, gharama zikiwa zimezidi mara mbili ya makadirio ya awali.

Hatusemi kwamba modeli ingaliuokoa uwanja ule. Uamuzi wa kupanua jengo lililokwisha kuanza kujengwa ni uamuzi wa watu, na kompyuta haiwezi kumshika mkono mwenye madaraka. Lakini Wajerumani walijifunza. Tume iliyoundwa na serikali ya shirikisho mwaka 2013 kuhusu miradi mikubwa ilitoa ripoti mwaka 2015 ikipendekeza, pamoja na mengine, mbinu za kidijitali. Na mwishoni mwa mwaka huo huo wizara ya uchukuzi ikatangaza mpango wa kuifanya modeli kuwa desturi katika miradi mipya ya uchukuzi kufikia mwaka 2020. Uingereza ilikuwa imetangulia: mkakati wake wa mwaka 2011 ulitaka miradi ya serikali kuu itumie modeli za pamoja kufikia mwaka 2016.

Sasa turudi kwenye lugha, maana ndipo tulipo na deni. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tena, shule na vituo vya afya vingi hujengwa kwa mafundi wa mahali chini ya kamati za wananchi, utaratibu uitwao "fosi akaunti". Mjumbe wa kamati ya namna hiyo hutia sahihi karatasi za Kiswahili. Akiandika kwamba "mabadiliko yamefanyika", je, ameshuhudia nini?

Pengine mtu ameomba tu, kama yule mganga. Hilo twapendekeza liitwe ombi la badiliko, na halina malipo mpaka lijibiwe. Pengine mwenye mamlaka kwa mujibu wa mkataba ameamuru kwa maandishi: hilo ni agizo la badiliko, na hapo ndipo fedha na muda wa kumaliza kazi vinapoguswa. Pengine msanifu amegundua kosa katika michoro yake na kulirekebisha. Hilo twaliita sahihisho, ili isionekane kwamba mwenye mradi ndiye aliyebadili nia. Na mwisho, pengine fundi amejenga tofauti na michoro bila kumwuliza mtu. Huu ni mkengeuko. Tumelichagua neno hili kwa sababu kukengeuka ni kuiacha njia, na njia ipo kwenye mchoro. Wengine wamependelea "ukiukaji", lakini neno hilo lina harufu ya hatia, na mikengeuko mingine hutokana na mwamba uliokutwa ardhini, jambo ambalo fundi halaumiwi kwalo, ingawa kutosema analaumiwa.

Modeli inaweza kuhifadhi haya yote manne kando ya kiungo kinachohusika, pamoja na tarehe na jina la aliyehusika. Bali ikiwa kisanduku kimeandikwa "mabadiliko" tu, kila mtu atajaza alichoelewa, na mkaguzi atakuta daftari safi lisilosema kitu.

Neno "modeli" lenyewe limepingwa na baadhi ya wapenzi wa lugha, wakitaka "mfano" au "kielelezo". Tumeyapima. "Mfano" limekwisha kuchoka kwa kazi. Ukisema "mfano wa ukuta" msikilizaji husubiri utaje na mfano wa pili. "Kielelezo" ni zuri, lakini mahakamani ndilo neno la kitu kinachotolewa kuwa ushahidi. Siku modeli itakapopelekwa mbele ya hakimu, wakili atalazimika kusema kwamba kielelezo namba tatu ni kielelezo cha jengo, na karani ataandika nini? "Modeli" limekwisha kuzoeleka shuleni na vyuoni, na tumeona yaliyoyapata maneno "tarakilishi" na "ngamizi" huku kwetu mbele ya "kompyuta", ingawa la kwanza lingali hai katika shule za Kenya.

Limebaki suala la hali ya taarifa. Kiwango cha kimataifa ISO 19650 cha mwaka 2018 hutambua hali nne, kulingana na ni nani aruhusiwaye kuitegemea taarifa. Twapendekeza: inayotayarishwa, ambayo ni ya mtayarishaji peke yake, iliyoshirikishwa, ambayo wenzake waweza kuiona na kuikosoa, iliyoidhinishwa, ambayo ndiyo pekee fundi aruhusiwa kujenga kwayo, na iliyowekwa kumbukumbu. Kwa hali ya tatu wako waliotaka "iliyochapishwa". Tumelikataa neno hilo, kwa kuwa katika kiwanja cha ujenzi kila kitu kilichotoka kwenye printa kimechapishwa, hata kilichokosewa.

Kwa mgongano wa viungo viwili mahali pamoja, kama bomba linalopita ndani ya boriti, "mgongano" latosha kwa sasa. Mafundi wenye neno lao la jambo hili, au la sahihisho na mkengeuko, tungependa kulipata pamoja na jina la mahali linapotumika, kabla orodha haijapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.