Sosiani na Walinzi Wake (2): Ushahidi Ulio Chini ya Jiwe

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliufuata Mto Sosiani kutoka vyanzo vyake vya upande wa Kaptagat hadi unapoingia Eldoret, mji uliotunukiwa hadhi ya jiji Agosti 2024. Wiki hii tunateremka hadi eneo bunge la Kapseret, ambako Langas imejaa nyumba za kupanga huku Kipkenyo na Ngeria zikilima mahindi. Mtu asiye na maabara atajuaje kwamba mto unaumwa? Na akishajua, amwambie nani?

Kazi ya kujitolea iliyozoeleka mtoni ni ya gunia na reki. Vijana hukusanyika Jumamosi, wakatoa chupa na mifuko, wakapanda miti kingoni. Kazi hiyo ina faida. Jijini Nairobi, vijana wa Komb Green Solutions kule Korogocho walianza mwaka wa 2017 kusafisha ukingo wa Mto Nairobi, na pale palipokuwa jaa pakawa bustani. Lakini gunia hubeba kinachoonekana tu. Naitreti iliyosombwa na mvua kutoka shambani haionekani, wala bakteria wa choo kinachovuja. Maji yanaweza kumeta yakiwa na kinyesi ndani yake.

Hapo ndipo wadudu wanapoingia.

Watafiti wa Afrika Kusini walibuni kipimo kiitwacho miniSASS, ambacho hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukitumia. Vifaa vyake ni wavu mdogo, beseni jeupe na picha za makundi 13 ya viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo. Mpimaji huingia mtoni na gambuti zake, akavuruga mawe na majani kwa mguu huku wavu ukikinga upande wa chini, kisha akamwaga alichonasa kwenye beseni. Kila kundi lina alama zake kulingana na jinsi linavyostahimili uchafu. Tunutu wa mdudu aitwaye plekoptera, ambaye hawezi kuishi bila oksijeni ya kutosha, ana alama 17. Minyoo na ruba, ambao hustahimili karibu kila kitu, wana alama 2 kila mmoja. Alama hujumlishwa, kisha zikagawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana.

Chukua mfano wa hesabu. Beseni la kwanza lina plekoptera (17), efemeroptera wa kundi lenye alama nyingi (11), trikoptera wanaojijengea ala za mchanga na vijiti (9), kaa (6) na tunutu wa kereng'ende (6). Jumla ni 49. Ukigawanya kwa 5 unapata 9.8, na huo ni mto wenye afya. Beseni la pili lina minyoo (2), ruba (2), mabuu ya nzi (2) na konokono (4). Jumla ni 10, wastani 2.5, na hapo mto uko taabani. Ubora wa njia hii ni kwamba mdudu haondoki mtoni saa mpimaji anapokwenda nyumbani. Chupa ya maji hueleza hali ya dakika ile ilipojazwa, ilhali mdudu amekaa humo kwa majuma au miezi. Anayemwaga uchafu usiku huikwepa chupa ya asubuhi. Wadudu waliokufa hawezi kuwarudisha.

Njia ya wadudu si ngeni katika bonde hili. Christopher Aura, Phillip Raburu na Jan Herrmann walichunguza viumbe hawa katika mito ya Kipkaren na Sosiani, na mwaka wa 2010 wakachapisha kipimo cha awali cha kutofautisha sehemu zilizoharibika na zile zenye nafuu. Utafiti ulio nyuma ya kazi ya kujitolea basi umefanyika papa hapa. Kilichobaki ni watu wa kurudia upimaji mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo mradi wa utafiti wenye fedha za misimu miwili hauwezi.

Vipimo vya kemikali navyo vina nafasi yake, ila vinataka tahadhari. Mfano ni oksijeni. Vitabu vingi husema maji safi ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hiyo ni hesabu ya pwani. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yale yale hufikia kikomo chake kwenye takriban miligramu 7. Mpimaji wa Kapseret anayefuata jedwali la Mombasa atauhukumu mto mzima kuwa mgonjwa.

Mahali na wakati wa kupima vina uzito kuliko bei ya kifaa. Kipimo kimoja kinachofanywa chini ya jiji pekee hakimtaji aliyechafua. Kikundi kinahitaji angalau vituo vitatu: juu ya jiji, katikati yake, na chini yake upande wa Kipkenyo. Alama zikishuka ghafla kati ya kituo na kituo, uchunguzi huanzia hapo katikati. Kalenda nayo ifuate shamba. Wakulima wa Uasin Gishu hupanda mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na mbolea ya kupandia huingia udongoni wakati huo huo. Anayepima kiangazi tu huukosa msimu ambao maji hubeba mbolea na tope kwa wingi.

Amwambie nani basi? Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, maarufu kama WRUA, ambavyo hushirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikataza kulima karibu na mto, katika ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Katiba, kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Daftari la wadudu peke yake halitamtia mtu hatiani, kwani sampuli ya mahakamani sharti ichukuliwe kwa utaratibu na kupimwa katika maabara inayotambuliwa. Kazi ya daftari ni kumwonyesha afisa wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au wa mamlaka ya maji achukue sampuli wapi, na mwezi gani.

Sosiani haukomei Kapseret. Unaungana na Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria huko Busia. Sehemu ya tatu itaufuata hadi Budalang'i, kwa wanaoyapokea maji haya wakiwa wa mwisho.