Bibi wa Kikabaila katika Riwaya za Mapinduzi ya Urusi

Wahenga walinena, aliye juu mngoje chini. Mwaka 1917 makabaila wa Urusi waliteremka ghafla. Mfalme Nicholas II aling'atuka mwezi Machi. Ilipofika Novemba, Wabolsheviki walitwaa serikali, wakawapokonya makabaila ardhi bila fidia na kufuta vyeo vyote vya nasaba. Waliokuwa mabwana wakaja kuitwa "watu wa zamani". Makala hii inakusudia kueleza jinsi riwaya ya kihistoria inavyomsawiri mwanamke wa tabaka hilo aliyenusurika, na suala ambalo usawiri huo unalizua: ni machozi ya nani yanayohesabiwa?

Msuko wa riwaya hizi aghalabu hupitia hatua tatu: kasri, safari na ugenini. Mathalani, katika *Zoya* (1988) ya Danielle Steel, msichana wa kikabaila mwenye udugu na ukoo wa mfalme anakimbilia Paris pamoja na nyanya yake, ambako anacheza baleti ili wapate riziki. Ishara inayorudiwarudiwa katika kazi za aina hii ni vito vilivyofichwa ndani ya mishono ya nguo. Ishara hiyo haikubuniwa tu. Mabinti wa Nicholas II, waliouawa pamoja na wazazi wao mjini Yekaterinburg tarehe 17 Julai 1918, walikuwa wameshonea vito ndani ya mavazi yao.

Hata hivyo, vito huisha, sindano hubaki. Maria Pavlovna, binamu wa mfalme huyo, alitorokea ng'ambo, na mwaka 1921 alianzisha mjini Paris karakana ya kutarizi iliyoitwa Kitmir, iliyomtarizia mbunifu wa mavazi Chanel. Hapa pana kinaya ambacho mhakiki hana budi kukizingatia. Kushona, kupika na kufua ndizo kazi zilizofanywa na mjakazi kasrini. Bibi anapoporomoka, kinachomwokoa si nasaba yake bali ni kazi ya mikono, ile ile aliyozoea kufanyiwa na wengine.

Mjakazi mwenyewe yu wapi? Katika riwaya nyingi za mkondo huu yeye ni mhusika bapa: ama mwaminifu asiyechoka, ama msaliti anayefungua mlango wa nyuma. Historia yake haisimuliwi. Ikumbukwe kuwa utwana wa wakulima nchini Urusi ulikomeshwa mwaka 1861 tu. Wazee wa vijijini waliouona mwaka 1917 walikuwa wameyaonja maisha hayo. Msomaji asiyeelezwa hilo huyaona mapinduzi kama tufani isiyo na chanzo.

Martha Hall Kelly amejaribu mbinu tofauti katika *Lost Roses* (2019). Anagawa usimulizi baina ya wanawake watatu: Sofya wa tabaka la juu, rafiki yake Mmarekani Eliza, na Varinka, msichana maskini wa kijijini anayeajiriwa nyumbani kwa akina Sofya. Kwa nafsi hizo tatu, huruma ya msomaji haiwezi kumilikiwa na mmoja. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) ya Adam Shafi, inayohusu Zanzibar kabla na baada ya mapinduzi ya 1964. Humo mtumishi Kijakazi hasimami pembezoni, na kasri linatazamwa kutokea jikoni na shambani.

Je, basi, tusimlilie bibi wa kikabaila? La hasha. Mgala muue na haki umpe. Njaa, ukiwa na kufiwa havichagui tabaka, na riwaya inayotuonyesha hayo imetimiza wajibu wake. Lakini kumhurumia mtu si kuutetea mfumo uliomlea. Tusomapo riwaya hizi, tumfuate bibi hadi ugenini, kisha tuulize: kabla hajajifunza kushika sindano, ni nani aliyekuwa akimshonea, na kwa ujira gani?